Mpima macho aliyewafuata wachimbaji milimani na kamera yake

Mtu akivaa kofia ngumu yenye taa, uso umejaa vumbi la makaa ya mawe na macho tu ndiyo yanayong'aa, unamwona mchimbaji, basi. Huwezi hata kukadiria umri wake. Picha ya pili ndiyo inayokushtua. Mtu yuleyule ameshaoga, amechana nywele, amekaa kwenye kochi la nyumbani kwake, mke pembeni na watoto wamembana huku na huku. Inabidi urudi kwenye picha ya kwanza uthibitishe kwamba ni yeye kweli.

Hivyo ndivyo Milton Rogovin alivyopenda kuwaonyesha wachimbaji katika miaka ya 1980: kazini, halafu nyumbani. Lakini safari yake kwao ilianza miaka ishirini nyuma, mwaka 1962, alipoanza kwenda kwenye milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, kuwapiga picha wanavijiji wa West Virginia na Kentucky. Wakati huo hakuwa mpiga picha wa kulipwa. Alikuwa mpima macho, mwenye ofisi ndogo ya miwani katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, mke mwalimu na watoto watatu.

Kwa mzazi anayepiga picha kumi za mtoto kwa simu kabla ya chai ya asubuhi, picha za Rogovin zinaweza kuonekana za kawaida mno. Ni nyeusi na nyeupe, watu wamesimama, wanakutazama. Hakuna anayelia na hakuna aliyepangwa acheke. Ukizitazama tatu nne mfululizo, unaanza kugundua kwamba kila mmoja amejiweka mwenyewe.

Wateja walipokimbia ofisi ya miwani

Rogovin alizaliwa New York Desemba 30, 1909, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Lithuania. Alisomea upimaji wa macho Chuo Kikuu cha Columbia, akamaliza mwaka 1931, wakati uchumi wa dunia umeanguka na foleni za watu wasio na kazi zimejaa mitaani. Alichokiona miaka hiyo kilimfanya ajiunge na vyama vya wafanyakazi na siasa za mrengo wa kushoto. Mwaka 1938 alihamia Buffalo, mji wa viwanda vya chuma, na mwaka uliofuata akafungua ofisi yake. Mwaka 1942 alimuoa Anne, akanunua kamera yake ya kwanza, na akaandikishwa jeshini. Jeshi nalo lilimpeleka Uingereza kupima macho ya askari.

Kwa miaka mingi kamera ilikuwa ya starehe tu. Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1957, alipoitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Alikataa kujibu maswali. Gazeti la mjini likamtangaza kuwa ndiye mkomunisti mkuu wa Buffalo. Wateja walipungua kwa zaidi ya nusu. Mshahara wa Anne, aliyefundisha watoto wenye mahitaji maalumu, ndio ulioishikilia nyumba.

Ni rahisi kuisoma habari hiyo kama siasa za zamani. Kwa familia yenye watoto wadogo, ina maana baba anakaa ofisini siku nzima bila mteja, na majirani wanapita upande wa pili wa barabara.

Mwaka 1958 mwalimu mmoja wa muziki aliyekuwa akirekodi nyimbo katika makanisa madogo ya Wamarekani weusi mjini humo alimwomba Rogovin aje apige picha. Rogovin alikubali, na baada ya kazi ya kurekodi kwisha aliendelea kwenda huko peke yake. Picha hizo zilichapishwa mwaka 1962 katika jarida la Aperture, zikitanguliwa na utangulizi wa W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa wa watu weusi ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia Ghana. Rogovin alizoea kueleza kwamba matajiri wana wapiga picha wao. Yeye angewapiga waliosahaulika.

Mwaka huohuo, 1962, akaelekea milimani.

Milima yenye makaa, watu bila hospitali

Appalachia ni safu ndefu ya milima yenye misitu, na chini yake kuna makaa ya mawe yaliyoendesha viwanda vya Marekani kwa zaidi ya karne. Kijiji hukaa kwenye bonde jembamba: barabara moja, mto mmoja, nyumba za mbao zimejipanga pembeni, na mgodi juu. Baba alichimba, babu alichimba. Miaka ya 1950 mashine za kukata makaa zilipoingia, maelfu ya wanaume walikosa kazi. Wengi walifunga mizigo wakaenda Detroit, Chicago na Cincinnati kutafuta vibarua vya viwandani. Waliobaki ni wazee, wanawake, watoto, na wale waliokuwa bado na nafasi chini ya ardhi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu wa afya hawezi kulipita. Mwaka 1956 mfuko wa ustawi wa chama cha wachimbaji ulikuwa umefungua hospitali kumi katika Kentucky, Virginia na West Virginia, hospitali za kisasa katika maeneo ambayo mama mjamzito alizoea kujifungulia nyumbani kwa sababu daktari alikuwa mbali. Mfuko ule ulitegemea mapato ya makaa. Makaa yaliposhuka, nao ukatetereka, na mwaka 1962 ukatangaza kwamba baadhi ya hospitali zingefungwa. Baadaye shirika jingine lisilo la faida lilizichukua. Lakini mwaka ambao Rogovin anafika, mwanamume anayekohoa huko hakuwa na uhakika nani angemsikiliza kifua.

Na walikohoa wengi. Vumbi laini la makaa huingia hadi kwenye vijifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Mwili hujaribu kulizungushia ukuta, na ukuta huo ni kovu. Kovu halipitishi hewa. Mtu huanza na kikohozi, kisha anashindwa kupanda ngazi, kisha anashindwa kulala chali. Wachimbaji waliuita ugonjwa wa mapafu meusi. Hauna dawa ya kuyarudisha mapafu yalivyokuwa. Uingereza ilianza kuwalipa fidia wachimbaji wenye ugonjwa huu miaka ya 1940, lakini Marekani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, wapo madaktari waliokuwa bado wanasema vumbi la makaa halina neno.

Hakuna picha ya Rogovin inayoonyesha pafu. Anachoonyesha ni mzee aliyekaa kwenye kiti barazani mchana wa siku ya kazi. Anayejua habari ya vumbi anaelewa kwa nini yupo nyumbani.

Kamera inayoangaliwa kwa kuinamisha kichwa

Namna alivyofanya kazi inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndiyo siri ya picha zenyewe.

Walikwenda wawili, Milton na Anne, wakati wa likizo za kiangazi shule zinapofungwa. Walirudi kiangazi baada ya kiangazi katika miaka ile ya 1960. Anne hakubeba kamera. Kazi yake ilikuwa kukaa, kuzungumza, kuuliza habari za watoto na kusikiliza. Mwalimu wa watoto wanaochelewa kujifunza ana subira ambayo wengi wetu hatuna, na alikuja kuandika vitabu vya kuwasaidia wazazi kucheza na kujifunza na watoto wao nyumbani. Ukweli ni kwamba picha hizi zina watengenezaji wawili, ingawa jina lililoandikwa chini ni moja.

Kamera yenyewe ilikuwa Rolleiflex, ile yenye macho mawili, inayoshikwa karibu na tumbo na kutazamwa kutoka juu. Mwenye kamera hiyo hafichi uso wake nyuma ya mtambo. Anainamisha kichwa mbele ya anayepigwa, kama mtu anayesalimia. Filamu yake ilitoa picha kumi na mbili tu, kwa hiyo kila bonyezo lilikuwa na gharama. Mzazi mwenye picha elfu nne kwenye simu afikirie kuwa na kumi na mbili.

Rogovin hakuwapangia watu wakae vipi wala wavae nini. Walichagua wenyewe mahali: baraza, jikoni, ukingo wa kitanda, mbele ya ukuta wenye picha za ndugu. Walichagua pia wa kusimama nao. Ndiyo maana picha zimejaa watoto. Mtu akiambiwa ajionyeshe anavyotaka, mara nyingi atamwita mwanawe.

Mtu aliyezoea kumwambia mgonjwa atazame mbele na kusoma herufi za mstari wa chini labda alikuwa na mazoezi ya kutosha ya kutulia mbele ya macho ya mtu mwingine. Kwenye picha zake hakuna anayekwepa lenzi. Hata mtoto mwenye nguo iliyochakaa anatazama kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni: sawa, umekaribia, sema shida yako.

Baadaye aliingia kwenye chumba chake cha giza huko Buffalo, akasafisha picha, na waliopigwa wakapata nakala zao. Jambo hilo linaonekana dogo. Katika nyumba nyingi za wakati ule, kama ilivyokuwa kwa babu na bibi zetu, picha nzuri ya familia ilihitaji safari ya mjini studio na fedha ambazo hazikuwapo.

Risasi ya mwaka 1967

Heshima hiyo haikuwa adabu tu. Katika milima ileile, kamera ilishawahi kuua.

Aprili 1964 Rais Lyndon Johnson alikwenda Kentucky mashariki kutangaza vita yake dhidi ya umaskini, akapigwa picha barazani kwa familia moja. Baada ya hapo waandishi, watu wa televisheni na watengeneza filamu walimiminika mabondeni. Walitafuta kilekile: mtoto pekupeku, paa linalovuja, bibi asiye na meno. Picha zilikwenda kwenye majarida ya miji mikubwa, na watu wa milimani wakajiona wamegeuzwa mfano wa aibu ya taifa. Wengine walikuwa na nyumba nzuri, shamba na gari, lakini hakuna aliyewapiga picha hao.

Septemba 1967 mtengeneza filamu kutoka Canada, Hugh O'Connor, alikuwa Letcher, Kentucky, akimrekodi mchimbaji aliyetoka kazini, uso bado mweusi kwa vumbi, amekaa barazani na mtoto wake mchanga. Mchimbaji alikuwa ameridhia. Mwenye nyumba hakuridhia. Alifika na bastola akawaamuru watoke kwenye ardhi yake, na walipokuwa wanabeba vifaa vyao kuondoka alifyatua risasi. O'Connor alikufa palepale. Wapo wenyeji wengi waliomwona muuaji kama mtetezi wa heshima yao, na alitumikia kifungo cha mwaka mmoja tu kabla ya kuachiwa. Elizabeth Barret, mtengeneza filamu aliyezaliwa na kukulia huko, alilirudia tukio hilo mwaka 2000 katika filamu yake ya Stranger with a Camera, akiuliza nani ana haki ya kusimulia habari za nani.

Mchimbaji, baraza, mtoto. Ni picha ambayo Rogovin naye angeweza kuipiga, na nyingine za namna hiyo alizipiga miaka hiyohiyo. Rogovin naye alikuwa mgeni, mtu wa mjini mwenye kamera ya bei. Haitoshi kusema alikuwa na moyo mzuri. O'Connor naye, kwa maelezo ya waliomjua, hakuwa mtu mbaya. Tofauti inayoonekana ni kwamba Rogovin hakuwa na haraka, alirudi, na hakuondoka na kitu ambacho mwenyewe hakupata nakala yake. Hata hivyo picha zake za miaka ya 1960 haziwezi kujilinda zenyewe. Mtu akizitazama bila kujua chochote kuhusu migodi, anaweza bado kuona umaskini tu na kusema masikini watu hawa, kisha akasogeza kidole kwenye habari inayofuata.

Zile za miaka ya 1980 ni ngumu zaidi kuzionea huruma, na kwa sababu hiyo ni bora zaidi. Kuna wanawake humo, wamevaa kofia ngumu na taa kama wanaume. Migodi ya Appalachia ilianza kuajiri wanawake wa kuchimba mwaka 1973, katika mazingira ambayo wachimbaji wengi waliamini mwanamke akiingia mgodini analeta mkosi. Wengi walikuwa na watoto wa kulea, na hakuna kazi nyingine kijijini iliyolipa kiasi kile.

Vumbi linalokuja nyumbani

Novemba 20, 1968 mgodi wa Farmington, West Virginia, ulilipuka na kuua watu 78. Hasira ya msiba ule ikakutana na hasira ya kikohozi. Madaktari watatu, Isadore Buff, Donald Rasmussen na Hawey Wells, walizunguka kwenye kumbi za vijiji wakieleza ugonjwa wa mapafu meusi. Wells alifikia kupukutisha kwa vidole kipande kikavu cha pafu la mchimbaji aliyekufa, mbele ya wake na watoto wa wachimbaji. Februari 1969 wachimbaji wapatao 40,000 wa West Virginia waligoma. Sheria ya nchi nzima ya afya na usalama migodini, iliyoweka kikomo cha vumbi na fidia kwa walioharibika mapafu, ilisainiwa Desemba 30, 1969. Ni siku ambayo Rogovin alitimiza miaka 60.

Picha zake hazikuleta sheria ile, na hakuna haja ya kumpa sifa isiyo yake. Lewis Hine, mpiga picha aliyemtangulia na ambaye Rogovin alimheshimu sana, aliwahi kupiga picha za watoto wa kiume wakichambua makaa migodini Pennsylvania mwanzoni mwa karne ya 20, na hizo zilitumika waziwazi kupigania sheria ya kuzuia ajira ya watoto. Kazi ya Rogovin ilikuwa ya taratibu zaidi. Iliweka uso kwenye kile ambacho vitabu vya kampuni viliita nguvu kazi.

Ugonjwa wenyewe haukwisha. Mwaka 2018 watafiti waliandika katika jarida la tiba la JAMA kwamba kliniki tatu tu za kusini magharibi mwa Virginia zilikuwa zimepata wachimbaji 416 wenye hatua mbaya kabisa ya ugonjwa huo kati ya mwaka 2013 na 2017. Tabaka nene za makaa zimekwisha, mashine sasa zinakata mwamba pamoja na makaa, na vumbi la mwamba, silika, ni kali kuliko la makaa.

Silika hiyo haiko Virginia peke yake. Ipo kwenye mashimo ya tanzanite Mirerani, ipo kwenye machimbo ya dhahabu na kwenye kokoto zinazopondwa kwa nyundo kando ya barabara. Huleta silikosisi na humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu. Familia yenye mchimbaji ina la kufanya hata kabla ya kufika hospitali: nguo za kazi zibaki kazini au zivuliwe nje, zilowekwe badala ya kukung'utwa, zisifuliwe pamoja na za watoto, na baba aoge kabla ya kumbeba mtoto. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipimwe, na mtoa huduma aambiwe waziwazi kwamba mgonjwa anachimba.

Mwaka 1983 Rogovin alipata tuzo ya W. Eugene Smith, ambayo ilimwezesha kuendelea na kazi aliyoiita Familia ya Wachimbaji. Alikuwa na zaidi ya miaka 70. Pamoja na Anne alikwenda kwa wachimbaji wa Uskoti, Ufaransa, Hispania, Ujerumani, Chekoslovakia, China, Cuba na Mexico, na Afrika alifika Zimbabwe. Utaratibu ulikuwa uleule: kazini, kisha nyumbani. Lugha hakuijua sehemu nyingi alikokwenda.

Anne alifariki mwaka 2003. Milton alifariki Januari 18, 2011 akiwa na miaka 101. Negativu zake na picha zipatazo 1,300 zilishachukuliwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1999, maktaba ya Bunge lilelile ambalo kamati yake ilimkimbizia wateja.

Picha nyingi zinaonekana pia kwenye tovuti ya kazi zake, bila malipo. Maelezo ni ya Kiingereza lakini ni mafupi, na mtoto wa miaka sita hahitaji kuyasoma. Mzazi anayetaka kuzitazama na mtoto aanze na zile za jozi, afunike ya nyumbani kwa kiganja, amuulize mtoto huyu ni nani, kisha aondoe kiganja. Za Zimbabwe ziachwe za mwisho; mtoto ataanza kuuliza maswali kuhusu watu wa karibu zaidi.